Daktari wa mama anataka ada ya uanachama: tulipe, au tutafute mwingine?

Shikamoo Bibi Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Silver Spring, Maryland, ninakoishi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 72. Mama ni mwenyeji wa Tanga. Alikuja Marekani mwaka 2008, akafanya kazi ya jikoni katika shule moja hadi alipostaafu, na kwa kuwa alikatwa kodi kwa zaidi ya miaka kumi, sasa ana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, pamoja na bima ya nyongeza inayolipa sehemu ambayo Medicare humwachia mgonjwa. Ana kisukari, ana shinikizo la damu, na tangu mwaka juzi figo zake zinafuatiliwa kwa karibu.

Kwa miaka tisa amekuwa akitibiwa na daktari mmoja wa familia. Si mtu wa maneno mengi, lakini ndiye aliyegundua, katika mwaka wao wa pili, kwamba kila Ramadhani mama alikuwa akipunguza insulini kwa kukisia bila kumwambia yeyote. Hakumkemea. Aliomba daftari lake la sukari, lile la jalada la bluu ambalo mama huandika kila asubuhi kabla ya chai, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha kwa msaada wa mkalimani wa simu akampangia dozi ya wakati wa futari na dozi ya wakati wa daku. Tangu siku ile mama humwita "mwanangu yule".

Mwezi uliopita ilifika barua ya kurasa mbili kutoka kliniki hiyo. Inasema kwamba kuanzia tarehe 1 Januari kliniki itaendeshwa kwa mfumo wa konsieji, yaani wa uanachama. Kwamba daktari atabaki na wagonjwa 400 tu. Na kwamba kila mmoja wao atalipa ada ya dola 2,400 kwa mwaka, ambayo inaweza kulipwa dola 200 kila mwezi. Wanachama wameahidiwa miadi ya siku hiyo hiyo au kesho yake, nusu saa na daktari badala ya dakika kumi na tano, namba yake ya simu ya mkononi, na "uchunguzi wa kina wa kila mwaka". Ambaye hatakuwa amejiunga ifikapo tarehe 15 Desemba atahesabiwa kuwa ameondoka. Nilipopiga simu, dada wa mapokezi aliniambia kwamba nafasi zinakwisha na kwamba ingefaa nimwachie namba ya kadi ya benki papo hapo. Nilimuuliza kama daktari ataendelea kupokea Medicare, naye akajibu kwamba Medicare na uanachama ni mambo mawili tofauti, jibu ambalo halikuniongezea kitu.

Tulipomsomea mama barua ile, alitoa kadi yake kwenye mkoba akaiweka mezani, akatuuliza: "Kwani mimi si mwanachama tayari? Hii kadi ni ya nini?" Sikuwa na la kumjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu yule ameniuza."

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na dola 200 kwa mwezi maana yake ni zamu mbili za usiku za ziada. Mume wangu anasema tulipe, kwa kuwa afya ya mzazi haina bei. Katikati ya mjadala huo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ameingiza lake: karibu na kwake imefunguliwa kliniki inayotoza dola 90 kwa mwezi kwa mtu mzima na dola 30 kwa mtoto, haitaki bima yoyote, na kwa sababu hiyo anafikiria kuiacha bima ya kazini kwake, inayomkata pesa nyingi na ambayo hailipi karibu chochote mpaka yeye mwenyewe awe ametumia dola 3,400 ndani ya mwaka. Anatuambia sisi ndio tunaodanganywa, kwa kuwa yeye na mkewe na watoto wawili watatibiwa kwa dola 240 kwa mwezi, hesabu imekwisha.

Bibi, je, hivi ni vitu vya aina moja? Na mama tumfanyie nini?

Binti wa Tanga, Silver Spring

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali la mama, kwa sababu ndilo swali bora kuliko yote katika barua yako, na nadhani ndipo mnapojikwaa wote, shemeji yako akiwemo. Kwetu Tanzania mtu mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huitwa mwanachama, na akisema yeye ni mwanachama anamaanisha kwamba akiugua kuna mfuko utakaomlipia kitanda, vipimo, dawa na upasuaji. Neno hilo limetukaa masikioni hivyo. Sasa mama amesomewa barua yenye neno lilelile, akadhani, na ana haki ya kudhani, kwamba anatakiwa anunue bima kwa mara ya pili. Mwambieni wazi kwamba uanachama unaotajwa katika barua ile si bima ya aina yoyote. Hautamlipia usiku mmoja hospitalini, wala picha ya figo, wala daktari bingwa, wala chupa ya insulini. Kinachouzwa ni wakati wa mtu mmoja na wepesi wa kumfikia, basi.

Konsieji ni neno la Kifaransa, jina la yule mlinda mlango wa jengo la wapangaji ambaye anawajua wote na funguo zao. Hotelini ndiye anayemtafutia mgeni teksi na tiketi. Mfumo huu wa matibabu ulianza Seattle mwaka 1996, wakati Dkt. Howard Maron, aliyekuwa daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya Seattle SuperSonics, alipoanzisha na mwenzake kliniki iitwayo MD2, kwa wazo kwamba mtu mwenye uwezo anaweza kuhudumiwa kama mchezaji wa timu anavyohudumiwa: daktari yupo, anakujua, na hupangi foleni. Hiyo ilikuwa huduma ya matajiri hasa. Mwaka 2000 kampuni ya MDVIP ilianza huko Boca Raton, Florida, kwa ada ya chini zaidi na madaktari wenye wagonjwa wasiozidi 600 kila mmoja, na kupitia mkondo huo mfumo ukafika kwa watu wa kawaida, hadi ukafika mlangoni kwenu.

Sitaki umchukie daktari wenu. Daktari wa familia nchini Marekani kwa kawaida hubeba wagonjwa 2,000 na zaidi, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipiga hesabu ya muda ambao daktari mwenye wagonjwa 2,500 angehitaji ili kumpa kila mmoja huduma zote zinazopendekezwa na miongozo, wakapata saa 26.7 kwa siku. Siku yenyewe ina saa 24. Zile dakika chache alizompa mama kulipitia daftari la bluu alizikopa mahali, ama kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje, ama kwa chakula chake cha jioni nyumbani. Lakini piga na hesabu ya upande wa pili: wagonjwa 400 mara dola 2,400 ni dola 960,000 kwa mwaka, kabla hajapima presha ya mtu hata mmoja. Kwa hiyo yule dada wa mapokezi anapokuharakisha, jua kwamba ana sababu, na sababu hiyo haihusiani na figo za mama yako.

Jibu alilokupa lilikuwa sahihi kwa maneno na bure kwa maana. Kuna hali mbili, na ni lazima ujue kwa maandishi daktari yumo katika hali ipi.

Katika hali ya kwanza daktari anabaki ndani ya Medicare. Kila mara mama anapokwenda, Medicare inatozwa kama zamani. Mama analipa kiasi cha kwanza cha mwaka, ambacho kwa Sehemu B, ile inayolipia madaktari, mwaka 2026 ni dola 283, kisha asilimia 20 ya gharama iliyokubaliwa, na bima yake ya nyongeza inabeba sehemu yake. Ada ya dola 2,400 inakuja juu ya hayo yote, na Medicare hailipi hata senti moja ya ada hiyo. Katika hali hii sheria iko upande wenu kwa jambo moja kubwa: daktari haruhusiwi kutoza ada kwa kitu ambacho Medicare tayari inakilipia. Mwaka 2004 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilihili, ikitoa mfano wa daktari aliyewatoza wagonjwa wake dola 600 kwa mwaka kwa mambo kama kuratibu matibabu na kuwapa muda wa ziada, na ambaye hatimaye alikubali kulipa dola 53,400 ili shauri liishe. Ndiyo maana maneno "uchunguzi wa kina wa kila mwaka" yamenisimamisha. Tangu mwaka 2011 Medicare inalipia mkutano wa kila mwaka wa mgonjwa na daktari wa kupanga afya yake, bila mgonjwa kutoa chochote. Muulizeni daktari uchunguzi wake wa kina una nini ambacho huo hauna. Huenda kipo, maana kliniki nyingi za aina hii huongeza vipimo ambavyo Medicare haivigusi, lakini atakayelipa anapaswa kuvisoma kwa majina.

Katika hali ya pili daktari amejitoa Medicare kabisa. Hapo mama atatakiwa kusaini mkataba binafsi unaosema kwamba atalipa kila kitu cha daktari huyo mwenyewe, kwamba Medicare haitalipa, na bima ya nyongeza nayo haitalipa, kwa kuwa hiyo hufuata nyayo za Medicare. Kujitoa huko ni kwa miaka miwili, na hujirudia yenyewe daktari asipotangaza vinginevyo. Mkataba wa namna hiyo haupaswi kusainishwa mtu aliye katika dharura. Ikiwa daktari wenu yuko katika hali hii, ningewaomba msiendelee kufikiri. Mama ameufanyia kazi ule mfuko wa Medicare miaka kumi na zaidi jikoni, na si busara alipie pembeni kile ambacho tayari amekilipia.

Tuseme yuko katika hali ya kwanza. Je, dola 2,400 zina thamani yake? Mume wako anasema afya ya mzazi haina bei, na kauli hiyo ni ya mtoto mwema, ila hapa bei ipo, imechapwa kwenye barua, na kinachouzwa hakijulikani kama ni afya. Mwaka 2023 jarida la Journal of Health Economics lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Medicare ambao madaktari wao waliingia katika mfumo huu. Gharama za jumla za matibabu ya waliojiunga zilipanda kwa asilimia 30 hadi 50, na kwa wastani haikuonekana dalili kwamba vifo vilipungua. Wastani hausemi habari za mama yako peke yake, nami sidai kwamba unasema. Wapo watu ambao ningewaambia walipe: mgonjwa mwenye maradhi manne na mabingwa watano wasiosemezana, asiye na mtoto wa kumfuatilia, ambaye kila mwezi anaishia chumba cha dharura kwa kukosa mtu wa kumuuliza swali saa tatu usiku. Huyo ananunua anachokikosa. Mama yako ana daftari, ana wewe, na wewe unafanya kazi na wauguzi. Anachohitaji ni kipimo cha sukari cha kila miezi mitatu, vipimo vya figo kwa wakati, mtu wa kumjibu sukari inaposhuka, na mkalimani.

Na hayo, karibu yote, yapo bila konsieji. Tangu mwaka 2015 Medicare ina malipo maalumu kwa kliniki inayomfuatilia mgonjwa mwenye maradhi sugu mawili au zaidi nje ya siku za miadi: angalau dakika 20 kwa mwezi za muuguzi au daktari kupiga simu, kupanga dawa, kuwasiliana na mabingwa, pamoja na njia ya kumfikia mtu wa kliniki kwa jambo la haraka saa 24, siku saba. Kisukari, presha na figo vinamwingiza mama moja kwa moja. Mgonjwa hutakiwa kukubali kwanza, na huchangia ile asilimia 20 ya kawaida, ambayo bima yake ya nyongeza huenda ikaibeba. Watu wengi hawalijui jambo hili kwa sababu kliniki nyingi hazijishughulishi kulitangaza. Unapompigia daktari mpya, uliza maneno haya: je, mnatoa huduma ya Medicare ya ufuatiliaji wa maradhi sugu, na nani atakuwa mpigaji simu? Wakikujibu kwa jina la muuguzi, umefika. Wakikujibu kwa kusitasita, endelea kutafuta.

Kuhusu mkalimani, angalia sana, kwa kuwa ni jambo ambalo barua za uanachama hazilitaji. Kliniki inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inawajibika kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri, na haimtozi kwa hilo; wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Kliniki inayojiondoa katika fedha zote za serikali huenda isifungwe na wajibu huo. Namba ya simu ya mkononi ya daktari ni zawadi kubwa kwa anayeweza kuongea naye. Saa saba ya usiku mama akiitumia namba hiyo, atasema nini, na kwa lugha ipi? Simu hiyo ingekuwa yako, mwanangu, ukiwa katika moja ya zile zamu mbili ulizoongeza ili kuilipia.

Mahali ningeanza kutafuta ni vituo vya afya vya jamii, ambavyo viko sehemu nyingi, Maryland ikiwemo. Vinapokea Medicare, vimezoea wakalimani, na kwa mgonjwa mwenye kipato kidogo hupunguza malipo kulingana na kipato na idadi ya watu wa nyumbani. Wapo Waswahili wanaoviona kama mahali pa wasio na kitu. Mwambie mama kwamba asili ya vituo hivyo ni Afrika: kijana wa Kimarekani aliyeitwa Jack Geiger, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Pholela, Afrika Kusini, mwaka 1957, akaona jinsi kituo cha huko kilivyotibu watu huku kikishughulikia maji yao na chakula chao, na mwaka 1965 yeye na mwenzake wakafungua cha kwanza cha namna hiyo Boston. Kama kituo kilicho karibu nanyi kimejaa, tafuteni daktari bingwa wa wazee anayepokea Medicare. Kila jimbo lina ofisi ya ushauri wa bima kwa watu wa Medicare, inayofanya kazi bila malipo na isiyouza bima ya mtu. Itumieni hiyo badala ya matangazo ya runinga ya msimu huu, maana kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba ni kipindi cha kubadilisha mipango na simu za mawakala hazikatiki. Mama asibadilishe kitu kwa ajili ya barua ya daktari.

Kabla ya hayo yote lakini, mwandikieni daktari mwenyewe, kwa jina lake, asipewe dada wa mapokezi kujibu. Mwambieni mama hataweza ada, na mwulizeni kama ana nafasi ya kumpokea bila ada au kwa ada pungufu, au kama atabaki na kundi la wagonjwa wasio wanachama watakaoonwa na muuguzi mtaalamu katika kliniki hiyohiyo. Madaktari kadhaa hufanya hivyo kwa wagonjwa wao wa muda mrefu, na wengi wao hawalitangazi. Akikataa, hamjapoteza.

Sasa shemeji. Hapana, si vitu vya aina moja. Ile ya kwake huitwa huduma ya moja kwa moja ya daktari wa familia: hakuna bima inayotozwa, mgonjwa analipa kiasi kidogo kila mwezi, na kwa kiasi hicho anapata miadi na vipimo vidogo vinavyofanyika palepale. Binafsi naipenda kuliko konsieji, kwa kuwa bei yake inasomeka na daktari wake hana haja ya ofisi nzima ya watu wa kujaza fomu za bima. Kosa la shemeji ni hilo la "hesabu imekwisha". Dola 240 zinamtibu mtoto sikio na zinamfuatilia mkewe presha. Hazimtoi mtu kidole tumbo, wala hazilipi usiku wa wodini baada ya ajali ya barabarani. Chumba cha dharura kitampokea, maana sheria ya mwaka 1986 inailazimu hospitali kumpima na kumtuliza kila aliye katika hatari hata kama hana pesa, lakini ankara itamfuata nyumbani. Na akiiacha bima ya kazini kwa hiari yake katikati ya mwaka, hatafunguliwa mlango mpaka kipindi kijacho cha uandikishaji. Tena kliniki nayo inaweza kufungwa: Qliance ya Seattle, iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa mfumo huu mwaka 2007, ilifunga milango mwaka 2017.

Kinachomfaa ni kubaki na bima yake ya kazini na kuongeza kliniki hiyo kama bajeti inaruhusu, na safari hii sheria imemsogelea. Kama bima yake ni ya ile aina inayoruhusu akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, na kiwango cha dola 3,400 kinanifanya nidhani ndivyo, basi tangu tarehe 1 Januari 2026 anaruhusiwa kuwa na vyote viwili na kulipia ada ya kliniki kutoka akaunti hiyo, mradi ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja au dola 300 kwa familia, na kliniki iwe ya huduma za msingi. Dola 240 zake zimo ndani. Amwulize mtu wa rasilimali watu kazini kwake kama mpango wake ni wa aina hiyo, kisha aandikishwe kwa utaratibu. Wala asichanganye kliniki hiyo na kampuni ya kliniki ya One Medical, ambayo Amazon iliinunua mwaka 2023 kwa dola bilioni 3.9, hiyo hutoza ada ndogo ya mwaka kwa ajili ya programu ya simu na wepesi wa miadi, halafu bima ya mgonjwa inatozwa kama mahali pengine.

Nimebakiza lile la kuuzwa. Mama hajakosea kuumia, kwa sababu anachokipoteza ni kitu halisi: mtu anayejua kwamba yeye hufunga, na anayejua kwa kiasi gani sukari yake hushuka kati ya alasiri na magharibi. Hilo halimo katika kompyuta ya kliniki kwa namna ambayo daktari mpya atalisoma kwa dakika kumi na tano. Mnaweza kulihamisha, lakini muda ni mfupi. Ramadhani ijayo inatarajiwa kuingia wiki ya pili ya Februari, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hushauriwa akutane na daktari wake wiki sita hadi nane kabla ya kufunga, sembuse mwenye figo za kuangaliwa. Maana yake mpango wa mwaka huu unatakiwa uwe umeanza kuandikwa Desemba, wakati huyu wa zamani bado anawajibika kwake na yule mpya hajamjua.

Kwa hiyo chukueni miadi ya mwisho mwanzoni mwa Desemba, kabla ya ile tarehe 15. Ombeni nakala ya faili lote, ambayo ni haki yake na inapaswa kutolewa ndani ya siku 30. Ombeni dawa za siku 90, ili asikwame ikiwa daktari mpya atampa miadi ya Februari. Kisha mwombeni daktari aandike, kwenye karatasi moja yenye sahihi yake, dozi za futari na za daku alizompa mwaka jana, kiwango cha sukari ambacho mama akikifikia anatakiwa afungulie, na vipimo vya figo vya karibuni. Siku hiyo mkalimani wa simu awepo, wewe ukae kiti cha nyuma, na daftari la bluu alishike mama mwenyewe.